Maumivu Baada ya Upasuaji wa Nyonga: Bibi na Babu Wasiachwe Wavumilie Tu



Habari hii inajulikana katika kila parokia. Bibi mwenye umri wa miaka sabini na kitu anaamka usiku kwenda uani. Sakafu ina maji, kandambili ni kuukuu, anateleza na kuangukia ubavu. Hawezi kusimama tena. Mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Hospitali wanapiga picha na kusema mfupa wa paja umevunjika kule juu, karibu na pale unapoingia kwenye nyonga. Ndugu wanachangishana, jumuiya inaleta chochote ilichonacho, upasuaji unafanyika, na baada ya siku kadhaa bibi anarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Watu wanakuja kumpa pole, wanasali, wanaondoka.

Wakishaondoka, bibi anabaki na maumivu yake. Mwezi huu tumeona tuyazungumzie hayo, kwa sababu ya swali tulilopata kutoka familia moja. Mama yao ana siku nane tangu afanyiwe upasuaji. Alipotoka hospitali alipewa parasetamoli na vidonge vya tramadoli. Kaka mkubwa alipoona jina la tramadoli alivichukua vidonge akavifungia kabatini, kwa kuwa amesikia redioni kwamba watu hukamatwa na polisi kwa ajili ya dawa hiyo. Sasa mama halali usiku, hataki kugeuzwa kitandani, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipokuja alikataa kabisa kuinuliwa. Wanauliza: je, kaka amefanya vema?

Tunajibu bila kuzunguka. Kaka amefanya hivyo kwa kumpenda mama yake, lakini hakufanya vema. Ni kweli tramadoli ni dawa yenye nguvu, ya jamii moja na mofini, na ni kweli wapo vijana wanaoitumia kwa ulevi. Ndiyo maana serikali inaidhibiti. Lakini mama huyu hakuinunua kichochoroni. Ameandikiwa na daktari, kwa kipimo kinachojulikana, kwa siku zinazohesabika, kwa ajili ya mfupa uliovunjika na nyama zilizopasuliwa. Anayetumia dawa ya namna hii kwa siku chache hadi wiki mbili hivi, akifuata maelekezo na kuipunguza maumivu yanapopungua, hatari yake ya kuwa mtumwa wa dawa ni ndogo. Hatari ya kulala na maumivu bila kusogea ni kubwa zaidi, na tutaeleza kwa nini.

Mzee anayeumwa nyonga havuti pumzi kwa nguvu, wala hakohoi, kwa sababu kila kikohozi kinamchoma. Makohozi yanatuama chini ya mapafu na homa ya mapafu inaingia. Hageuki kitandani, basi ngozi ya makalio na visigino inaanza kuoza, ndivyo vidonda vya kulalia. Hasogezi miguu, na damu inaweza kuganda katika mishipa ya mguu. Donge likichomoka na kwenda kwenye mapafu linaweza kuua katika muda mfupi. Hali vizuri, hanywi maji. Misuli yake, ambayo tangu awali ilikuwa michache, inayeyuka siku hadi siku. Ndiyo maana madaktari wa mifupa siku hizi hutaka mgonjwa akalishwe na kusimamishwa mapema, ikiwezekana siku inayofuata upasuaji, na hawawezi kufanya hivyo kwa mtu anayepiga kelele kila anapoguswa. Wazee wengi waliovunjika nyonga hawafi kwa sababu ya mfupa wenyewe. Wanakufa kwa mambo haya yanayofuata. Dawa ya maumivu, basi, ni sehemu ya matibabu kama vile vyuma alivyowekewa.

Vyuma hivyo ni vya namna mbalimbali kufuatana na mahali mfupa ulipovunjika. Wengine huunganishwa kwa skrubu, kwa bamba au kwa chuma kirefu kinachopita ndani ya mfupa. Wengine huondolewa kile kichwa cha mfupa na kuwekewa cha chuma. Hospitali nyingi bado hukiita Austin Moore, jina la daktari wa Marekani aliyekibuni katikati ya karne ya 20. Mwulizeni daktari mgonjwa wenu amefanyiwa upi, maana masharti ya kukaa na kulala yanatofautiana. Kwa vyovyote, maumivu huwa makali siku mbili tatu za kwanza, kisha hushuka. Baada ya wiki mbili hivi wengi hutosheka na parasetamoli. Uchovu na maumivu ya wastani kwenye paja au kinena wakati wa kutembea huweza kuendelea kwa wiki nyingi, hata miezi mitatu. Jambo la kuangalia ni kwamba yanaendelea kushuka. Yakishuka kisha yakapanda, kuna jambo.

Sasa, mtajuaje kama mzee anaumwa? Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Wazee wetu wamelelewa kutolalamika. Ukimwuliza bibi, “Hujambo leo?” atajibu, “Sijambo, mwanangu,” huku ameshika shuka kwa vidole vyote kumi. Hiyo ni salamu, siyo taarifa ya ugonjwa. Mwulizeni hivi: “Bibi, ukilala kimya panauma? Na tukikugeuza je?” Maumivu ya kutulia na maumivu ya kusogea ni mambo mawili. Mzee anaweza kuwa mtulivu kabisa kitandani na bado asiweze kusimama.

Katika huduma za tiba shufaa hapa Afrika Mashariki hutumika njia rahisi ya mkono, isiyohitaji kujua kusoma. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo sana, vitatu ni ya kati, mkono wote wazi ni maumivu yasiyovumilika. Mwombeni aonyeshe akiwa ametulia, kisha akiwa anakaa. Mwandike katika daftari la shule asubuhi na jioni, pamoja na saa aliyopewa dawa. Daktari atalifurahia daftari hilo kuliko maelezo marefu ya watu watano wanaopingana.

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi kuonyesha vidole. Huyo mtazameni usoni. Anakunja uso? Anaguna akigeuzwa? Anasukuma mikono ya anayemwosha, au amekataa uji ambao jana aliupenda? Hayo ndiyo maneno yake. Watafiti wa New York walitoa taarifa mwaka 2000 kwamba wagonjwa wa nyonga wenye ugonjwa mkubwa wa kusahau walikuwa wamepewa takriban theluthi moja tu ya dawa za jamii ya mofini walizopewa wenzao wenye akili timamu. Mfupa ulikuwa umevunjika sawasawa kwa wote; tofauti ni kwamba hawa hawakuweza kuomba. Hatudhani kwamba kwetu mambo ni bora.

Tuje kwenye dawa zenyewe. Ya kwanza, na ya kila siku, ni parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol. Watu huidharau kwa kuwa ni ya bei ndogo na inauzwa kila duka. Kosa ni kuimeza pale tu maumivu yanapozidi. Kwa mgonjwa wa nyonga inatolewa kwa saa, aumwe asiumwe: kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku au anapoamka kwenda haja. Mtu mzima mwenye uzito wa zaidi ya kilo 50 huweza kupewa vidonge viwili vya miligramu 500 kila mara, visizidi vinane kwa siku nzima. Lakini bibi zetu wengi hawafiki kilo 50, na wengine ini lao si zima au wana utapiamlo. Hao daktari huwapunguzia. Fuateni alichoandika yeye. Tena angalieni: dawa nyingi za mafua na za “kutuliza maumivu” za dukani zina parasetamoli ndani yake, na mgonjwa anaweza kumeza mara mbili bila ninyi kujua. Ikizidi, inaharibu ini.

Ya pili tunaitaja kwa kutahadharisha, nayo ni diklofenaki pamoja na ndugu yake ibuprofeni. Tunajua inavyopendwa. Mgonjwa akilalamika, kijana anatumwa duka la dawa, anarudi na vidonge au hata na mtu wa kupiga sindano. Kweli inatuliza. Lakini kwa mzee inaweza kutoboa vidonda tumboni na kuleta kutokwa damu, kupandisha shinikizo la damu, kulemea moyo na kuzima figo, hasa kama anatumia dawa za presha au za kukojosha, au ameishiwa maji mwilini. Na wagonjwa wengi wa nyonga hupewa pia dawa ya kuzuia damu isigande. Ikichanganywa na diklofenaki, damu inaweza kuvuja ndani. Daktari anaweza kuona inafaa kwa siku chache kwa mgonjwa fulani. Huo ni uamuzi wake, siyo wa muuza duka wala wa jirani ambaye ilimsaidia mgongo.

Ya tatu ni zile zenye nguvu: kodeini, tramadoli na mofini. Mofini ya maji ina jina baya kwa sababu watu wengi waliiona mara ya kwanza kwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, wakaiita dawa ya wanaokufa. Nchini Uganda, Daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa wa shirika la Medical Missionaries of Mary, alianzisha Hospice Africa mjini Kampala mwaka 1993, na huko ilionekana wazi kwamba mofini ya maji yaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo na kutumiwa nyumbani kwa usalama. Haiui kwa kipimo sahihi. Kwa mzee huanzwa kwa kiasi kidogo, kidogo kuliko cha kijana, maana figo zake huchelewa kuitoa mwilini.

Dawa hizi zina mashaka yake, nanyi mnapaswa kuyajua. Kwanza hufunga choo. Hili si jambo dogo; tumbo lililojaa siku tano linamtesa mzee kuliko mshono. Mwombeni daktari dawa ya kulainisha choo tangu siku ile ile anapoandika tramadoli au mofini, na mpeni maji, papai, mboga za majani na uji wa nafaka isiyokobolewa. Pili, huleta kichefuchefu na kizunguzungu, hivyo asisimame peke yake. Kuanguka mara ya pili ni balaa. Tatu, hulaza. Kusinzia kidogo ni kawaida, lakini asiyeamshika, au anayepumua polepole sana, apelekwe hospitali mara moja na dozi inayofuata isitolewe. Msizichanganye na vidonge vya usingizi kama Valium, wala na pombe, hata ile ya nyumbani inayosemekana ni “ya kumpa nguvu babu”. Mwenye kifafa amwambie daktari kabla ya kupewa tramadoli. Na aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiikatishe ghafla, aipunguze kwa hatua.

Iko pia njia inayofaa kuulizia kabla ya upasuaji na mara baada yake: sindano ya ganzi inayochomwa kinenani ili kuzima mishipa ya fahamu ya nyonga. Hospitali zenye wataalamu wa nusukaputi waliofunzwa huitumia, na mgonjwa huhitaji mofini kidogo zaidi. Kuuliza si utovu wa adabu.

Hapa hatuna budi kugusa jambo linalotuhusu sisi Wakatoliki kwa namna ya pekee. Wazee wetu wengine hukataa dawa wakisema wanamtolea Yesu mateso yao. Imani hiyo tunaiheshimu, na mtu anaweza kwa hiari yake kuyapokea mateso na kuyaunganisha na msalaba. Lakini Kanisa halijamlazimisha mtu yeyote kuumwa. Papa Pio wa XII aliulizwa jambo hili na madaktari wa nusukaputi, na katika hotuba yake ya 24 Februari 1957 aliwajibu kwamba hakuna wajibu wa jumla wa kukataa dawa za maumivu, na kwamba mgonjwa na daktari wanaweza kuzitumia. Naye Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Salvifici Doloris ya mwaka 1984 juu ya maana ya mateso, alitumia sehemu nzima kumzungumzia Msamaria mwema, ambaye hakumhubiria yule majeruhi habari za uvumilivu bali alimfunga jeraha. Bibi anayekataa dawa mwiteni paroko azungumze naye. Mara nyingi akisikia kwa padre anakubali. Tena Mpako wa Wagonjwa usingoje dakika za mwisho. Inafaa sana kuupokea kabla ya upasuaji mkubwa kama huu.

Tuingie sasa chumbani. Yako mengi yanayotuliza bila kidonge. Barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 15 hadi 20 karibu na mshono, mara tatu nne kwa siku, hupunguza uvimbe. Isigusane na ngozi moja kwa moja, na kitambaa kisilowanishe kidonda. Mto kati ya mapaja anapogeuzwa humfariji sana. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili. Dozi ya maumivu itolewe nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi au kabla ya kuoga, siyo baadaye akiwa tayari analia. Mazoezi yenyewe ni madogo: kukunja na kunyoosha vifundo vya miguu, kukaza misuli ya paja, kuvuta pumzi ndefu mara kumi kila saa akiwa macho, kisha kukaa, kusimama na kupiga hatua kwa magongo au fremu ya kutembelea. Yatauma kiasi. Maumivu yanayotulia baada ya kupumzika hayabomoi mfupa.

Msimchue. Tunajua wapo wenye mikono mizuri ya kuchua, na wapo wanaounga mifupa kwa jadi, lakini nyonga yenye vyuma haichuliwi wala kuvutwa, na mguu uliovimba wenye damu iliyoganda ukichuliwa, donge linaweza kusafiri. Kumkanda kwa maji ya moto kwenye mshono pia hapana.

Choo cha shimo ni tatizo ambalo madaktari wengi husahau kuliuliza. Aliyewekewa kichwa cha chuma mara nyingi hukatazwa kuchuchumaa, kukaa kwenye kigoda, kukunja nne na kuinama kuokota kitu, kwa sababu nyonga inaweza kuchomoka. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti kigumu chenye tundu na mikono ya kushikia, ndoo ikawekwa chini yake. Hakigharimu sana, nacho kinampunguzia mzee maumivu na aibu kwa pamoja. Kitanda nacho kiinuliwe, ili magoti yake yasiwe juu kuliko nyonga anapokaa pembeni. Na kanisani asipige magoti. Akae kwenye kiti kirefu, Mungu anaelewa. Na kabla hajaweza kufika, mwambieni mhudumu wa Ekaristi amletee Komunyo nyumbani.

Mara nyingine, siku ya pili au ya tatu, babu huanza kusema maneno yasiyoeleweka, anawaona watu waliokwisha kufa, anang'oa bandeji, hajui ni usiku au mchana. Ndugu wanashtuka: amerogwa, au nusukaputi imemharibu akili. Salini, lakini pia mtafuteni chanzo. Huenda mkojo umeziba, choo kimefunga, ana homa, hajanywa maji, au dawa kali imezidi. Na huenda maumivu hayajatulizwa: watafiti wa New York walieleza mwaka 2003 kwamba wazee wa nyonga waliopewa dawa kali kidogo mno walichanganyikiwa zaidi kuliko waliopewa za kutosha. Mrudishieni miwani yake, washeni taa, akae na mtu anayemfahamu anayemwita kwa jina, na daktari aarifiwe siku hiyo hiyo.

Mkimbizeni hospitali bila kungoja kliniki iwapo maumivu yanaongezeka ghafla na mguu umefupika au umegeuka; iwapo mshono ni mwekundu, unatoa usaha au ana homa; iwapo ndama ya mguu imevimba na inauma; iwapo kifua kinabana au anahema; iwapo anapata choo cheusi kama lami; au iwapo hajakojoa tangu asubuhi hadi jioni. Siku ya kliniki bebeni dawa zote katika mfuko mmoja, na za presha na sukari zikiwemo, pamoja na lile daftari. Ulizeni pia juu ya dawa ya kuimarisha mifupa, maana aliyevunjika nyonga moja yuko karibu kuvunjika nyingine.

Vidonge vikali vikibaki baada ya mgonjwa kupata nafuu, msivihifadhi kwa ajili ya babu mwenye mgongo wala kumgawia jirani. Vihesabuni, vifungeni mbali na watoto na vijana, na siku ya kliniki virudisheni kwa mfamasia wa hospitali.